Mama wa Ng'ambo

Jumatatu, 3 Juni 1957

Sindano upande wa kushoto leo. Upande wa kulia umekuwa mgumu kama muhogo mbichi. Masere aliupapasa, akatikisa kichwa, akahamia huku. Masere ni mtawa wa Kizungu anayetutunza sisi wagonjwa wa kifua. Mkono wake mwepesi. Maneno hana.

Uji. Vidonge. Kukohoa ndani ya kikopo chenye kifuniko, kisha kukitoa kwa mikono miwili kana kwamba unampa mtu zawadi. Mizani. Nimeongezeka kidogo, alisema.

Masikio yanalia tena, kama nyenje wa jioni. Wenzangu wanasema ni dawa.

Kitanda changu kiko dirishani. Chini kuna mto, na upande wa pili mji: maghala ya bandari, kanisa, moshi. Mangobo kwetu haionekani, iko nyuma huko. Lakini najua ni wapi. Nalala nimeelekea huko.

Saa hizi Bora anamwogesha Safi. Mdogo wangu anamwogesha mtoto wangu, katika karai langu.


Jumatano, 5 Juni

Mvua. Madirisha yamefungwa. Chumba kinanuka dawa na sisi.

Nimejaribu kumkumbuka Safi vizuri, kuanzia utosini. Nywele nakumbuka. Sikio la kushoto lililojikunja nakumbuka. Sauti inanikimbia. Nilipoletwa huku, kabla ya Mwaka Mpya, alikuwa ananyonya bado. Waliniambia nimwachishe siku hiyohiyo. Nilipaka kwinini kwenye ziwa. Alionja, akanitazama kama mtu aliyepigwa na rafiki yake. Hilo ndilo la mwisho alilopata kwangu. Uchungu wa kwinini.

Bora alimchukua mikononi mwangu. Alikuwa amekuja kutusaidia, maana mume wake wa Ponthierville alikuwa amemrudisha kwetu kwa sababu hakuzaa. Nilimwonea huruma wakati ule. Nilimwambia: mshike, mdogo wangu, ni wako pia.

Mtu huwa anasema maneno bila kujua uzito wake.


Jumapili, 9 Juni

Siku ya wageni. Watoto hawaruhusiwi kupita waya. Wagonjwa tunakaa barazani, wao wanasimama kule kwenye majani. Katikati kuna uwanja ambao hata sauti inachoka kuuvuka.

Walikuja wote watatu. Saidi mume wangu mbele na sufuria ya lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Nyuma Bora, na Safi kiunoni mwake. Safi amekua. Miguu imerefuka, inaning'inia. Kiuno cha Bora kimeshajipinda upande mmoja kama cha mwanamke aliyezaa.

Amevaa libaya jipya, blauzi ya mikono ya kuvimba, shingo ya mraba. Niliutambua mshono kabla hawajafika karibu. Saidi ni fundi cherehani. Mikono ile ya kuvimba alinishonea mimi mwaka tuliooana. Sikusikia walichosema mwanzoni. Nilikuwa nawaza tepe. Blauzi ya namna ile huwezi kuishona bila kupima kifua.

Saidi akamwambia mtoto, "Safi, salimia mama."

Safi akamtazama Bora. Saidi akanionyesha kwa kidole. Safi akasema, na mara hii nilisikia kila neno, masikio yangu mabovu yalilichagua hilo:

"Hapana. Mama njo huyu. Ule iko mama wa ng'ambo."

Watu barazani walicheka. Ni neno la kuchekesha.

Bora, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, akapaaza sauti, "Yaya, usikasirike, iko mutoto tu! Njo sisi tunamufundishaka, asisahau. Tunamuambia kila siku, mama yako iko ng'ambo."

Nikasema sijakasirika. Nikapunga mkono. Safi akaficha uso shingoni kwa Bora.

Lituma sikula. Nilimpa Mama Bolumbu wa kitanda cha pili.


Jumatatu, 10 Juni

Jina lake Bora. Baba alikuwa na mimi tayari, Mwamini, akamtazama yule mwingine alipozaliwa, akamwita Bora. Zamani tulikuwa tunacheka kwa jambo hilo.

Nilimbeba mgongoni mimi. Mama yetu alipokufa nilimtafunia chakula. Leo natamani aanguke.

Nimeandika. Sifuti.


Alhamisi, 13 Juni

Watu wote wanaona ni sawa. Hilo ndilo linaloniua. Mama mdogo ni mama. Tangu babu zetu walipokuja na misafara kutoka Nyangwe, hakuna mtoto wa kwetu aliyekuwa na mama mmoja. Nikilalamika watasema homa imenipanda kichwani.

Mama Bolumbu peke yake ndiye niliyemwambia. Ni Mlokele, mtu wa mtoni, muuza samaki, mwanamke mnene ambaye ugonjwa ulimpunguza nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza:

"Analisha mutoto?"

"Anamlisha."

"Anapiga?"

"Hampigi."

"Alors, unataka nini?"

Nataka ampige. Nataka alale njaa siku moja alie anitafute. Sikusema.


Jumapili, 16 Juni

Saidi alikuja peke yake. Shati limepigwa pasi, mistari imenyooka. Mimi sikuwahi kuinyoosha hivyo.

Alikuwa na furaha ya mtu anayeficha kitu. Akaniambia Bora alimpeleka Safi Simi-Simi kuangalia ndege zikishuka. Safi alipiga makofi. Sasa kila kitu kinachopita juu ni ndege, hata kunguru. Nilicheka pamoja naye. Halafu akateleza. Akasema ni vizuri mtoto kuchangamka, baada ya yale ya mwezi uliopita.

"Yale gani?"

Nikauliza tena. Akaeleza huku anatazama viatu. Safi alipata malaria, ikageuka degedege. Macho yalipinduka. Yeye alikuwa Kabondo kupeleka nguo za watu. Bora alimfunga mgongoni, akakimbia naye kwenye mvua mpaka zahanati. Muuguzi alisema angechelewa kidogo tu wangezika.

"Na mimi?"

"Tulikuficha. Tuliogopa utaruka dirisha."

Mtoto wangu alikaribia kufa na mimi hapa nakunywa uji. Nikaangalia mto siku ile kama siku zote, nikafikiri ni siku njema.

Ningepaswa kumshukuru Bora. Nilitafuta shukrani ndani yangu kama mtu anayetafuta sindano kwenye sakafu ya udongo. Nilichopata ni hiki: hata kumwokoa, aliyemwokoa ni yeye, si mimi.

Kisha Saidi akasema tonton Amisi, ndugu ya baba, yuko mjini, ametoka Kindu. Tonton ndiye mkubwa wetu tangu baba afe. Nikauliza amekuja kwa shauri gani. Saidi akasema, "Anakusalimia."

"Anasemaje?"

"Nimekuambia, anakusalimia."

Mume wangu akidanganya, anauma kucha ya kidole gumba. Aliiuma.


Jumatatu, 17 Juni

Nimefikiri sana. Dini yetu haimruhusu mwanamume kuwa na ndugu wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja. Lazima wa kwanza atoke, kwa talaka au kwa kifo.

Shauri la tonton haliwezi kuwa lingine. Mtoto ana mama tayari. Nyumba ina mwanamke tayari. Blauzi imeshashonwa.


Jumatano, 19 Juni

Masere alikuja na majibu ya kikopo. Alikaa kitandani, jambo ambalo hafanyi. Akasema kwa Kiswahili chake kigumu: bado. Wadudu wapo. Wachache kuliko mwanzo, lakini wapo. Nisimbusu mtu, nisikohoe mbele ya mtu. "Vumilia, Mwamini. Miezi mingine."

Nimeelewa. Naandika hapa ili nisije nikasema sikuelewa.

Wakazamwana wa Mama Bolumbu huvuka asubuhi na mtumbwi wao, kupeleka samaki wa moshi na kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Wanapita hapa chini kumpa salamu. Kuna nafasi ya mtu mmoja.

Huko mjini malori huenda Wanie-Rukula kila siku. Kule yuko mama mkubwa, dada ya mama yetu. Anaishi peke yake pembeni ya msitu. Tungekaa naye, mimi na Safi. Ningepona kule kwa hewa. Watu wamepona kwa hewa.


Alhamisi, 20 Juni

Mama Bolumbu amekataa, kisha amekubali, kisha amelia. Amesema, "Yoka, sikia, Mwamini. Mimi nilizika mutoto wa ugonjwa huu. Nilimupa mimi mwenyewe." Nikamwambia naenda kumwona tu. Kwa mbali. Aliniangalia sana.

Kesho.


Jumamosi, 22 Juni

Niko kitandani. Naandika yote, kwa mpangilio.

Jana nilitoka na wanawake wanaofua, nimejifunga kitambaa mpaka puani. Hakuna aliyeniuliza. Wakazamwana wawili wa Mama Bolumbu walinikalisha katikati, kati ya vikapu. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Tulipofika katikati ilipita meli kubwa iteremkayo na mto, na mawimbi yake yakatujia ubavuni. La kwanza lilitupandisha. La pili liliingia. Kapu moja la kwanga likaondoka mbele ya macho yetu. Wale wanawake walipiga kasia wamesimama, wanatukana meli kwa Kilokele, na mimi nilikomba maji kwa kibuyu mpaka nikaona nyota mchana. Sikuogopa kufa. Niliogopa kufa kabla ya kumpata.

Nilipanda mpaka Mangobo kwa miguu, nikipumzika kwenye kila ukuta. Mtaa ni uleule. Mwembamba zaidi kuliko nilivyoukumbuka. Nilisimama nyuma ya ua wa jirani. Cherehani ya Saidi ililia ndani, ikanyamaza, ikalia. Bora alitoka na ndoo akaenda bombani. Safi alibaki uani na mtoto wa jirani, wanapika udongo kwenye kopo.

Nilikuwa nimemwambia Mama Bolumbu kwa mbali. Nilikuwa nimejiambia hivyo hata mimi. Sijui nilivuka ua saa ngapi. Nilikuwa nimeshamshika.

Hakulia. Alishangaa. Nilimwambia twende tukaangalie ndege. Akakubali kwa ajili ya ndege, si kwa ajili yangu. Nilimfunga mgongoni, nikapita njia ya nyuma. Uzito wake. Joto lake pale pale mgongoni ambapo panauma. Nilitembea kama mwizi, na nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Lori la Wanie-Rukula lilikuwa linapakia chumvi na vitambaa. Dereva alinipandisha nyuma bila maswali. Tukaondoka. Mji tuliuacha, nyumba zikaisha, miti ikaanza. Safi akaanza kuuliza: ndege iko wapi. Kisha: mama iko wapi.

"Mimi ndiye mama."

"Hapana. Mama Bora."

"Mimi, Safi. Mimi ndiye nilikuzaa."

Akalia sasa. Akalia kwa nguvu zote, akanisukuma kwa mikono miwili, mwili wote ukipinda kuelekea tulikotoka. Abiria wengine wakanitazama. Mama mmoja mwenye kuku akauliza, huyu mtoto ni wa nani? Nilimgeuza mbele, nikambana kifuani mpaka akachoka. Akalala hivyo, mdomo wazi, pua yake chini ya kidevu changu.

Mvua ikaja. Lori likakwama kwenye matope, gurudumu la nyuma likazunguka bure. Wanaume walishuka kusukuma. Lori likaruka mara moja, na kikohozi kikanipata bila kunipa nafasi ya kugeuka. Nilipofumbua macho kulikuwa na damu kwenye paji la uso la Safi. Kidogo. Matone. Alijipangusa usingizini kwa kiganja, akaweka kiganja mdomoni, kama anavyofanya akilala.

Niliutoa ule mkono mdomoni mwake. Nilimpangusa kwa mvua. Nilimpangusa mpaka akaamka.

Mama Bolumbu alisema: nilimupa mimi mwenyewe.

Nikashuka. Dereva alifikiri nimepata wazimu. Nikaanza kurudi mjini kwa miguu, nimembeba mtoto mbele yangu mbali na mwili, kama mtu anayebeba chungu cha moto. Mikono haikuweza. Nikamweka chini, nikamshika kidole. Tulitembea hivyo.

Bora tulimkuta barabarani. Alikuwa anakuja mbio, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, matope mpaka magotini. Mtu wa sokoni alikuwa amemwambia ameona mwanamke mgonjwa akipanda lori na mtoto. Hakungoja Saidi wala baiskeli. Alikimbia tu barabara yote ile. Alipotuona alisimama, akainama, akakohoa kwa muda mrefu, mikono magotini. Mbio, nilidhani.

Kulikuwa na banda tupu la kuanikia kahawa. Tuliingia chini ya paa. Safi akataka kumkimbilia. Sikuachia kidole.

"Yaya. Mupe mimi."

"Kwanza nijibu. Tonton Amisi anataka nini?"

Alijua. Hakujifanya hajui. "Tonton alisema, kama utakawia kupona, Saidi akuache, akamate mimi. Juu ya mutoto."

"Na wewe ulisema nini?"

Maji yalikuwa yanamtoka kwenye nywele, yanaingia machoni, hapangusi. "Nilisema tumungoje yaya kwanza."

"Hukusema hapana."

"Sikusema hapana."

Afadhali angenipiga. Kisha akasema, polepole, sauti ya yule mtoto niliyemtafunia chakula: "Yaya, wewe ulizaa. Hata ukiwa mbali, ulizaa. Mimi niko na nini?"

Nilimchukia na nilimjua. Vyote kwa pamoja.

Niliachia kidole. Safi alipanda juu yake kama nyani mdogo. Nikasema, "Kuna damu yangu kwake. Mwogeshe kwa sabuni. Chemsha nguo. Kesho mpeleke apimwe."

"Sitaambia Saidi kitu," akasema. "Nitasema alipotea tu sokoni."

"Mwambie. Mwambie yote. Asipojua hatampeleka."

Walitangulia. Mimi nyuma. Safi alinitazama njia yote juu ya bega la Bora. Mimi nilikuwa nafuata kama mbwa wa mtu.

Mlokele mmoja alinivusha jua linapozama. Masere alikuwa amesimama mlangoni.


Jumapili, 23 Juni

Hakupiga kelele. Alisema, "Unajua ulichofanya?" Nikasema najua. Akasema sitapokea wageni mpaka atakaponiambia. Nikasema ni haki. Nikamwomba jambo moja tu, mtoto apimwe, na wote wa nyumba ile. Akaniangalia kana kwamba ananiona leo. Akasema atatuma neno.

Homa. Damu tena asubuhi.


Jumatano, 26 Juni

Saidi alikuja kwenye waya ingawa si siku yake. Alisimama mvuani. Hakusema neno juu ya lori. Hakusema neno juu ya tonton. Alisema watoto wanachomwa kitu kwenye ngozi ya mkono, kisha wanangojwa. Mkono ukivimba, ni dalili. Watu wazima wanapigwa picha ya kifua.

Nikamwuliza, ulimpima kwa tepe?

Hakuelewa kwamba nasema blauzi ya Bora. Nikaacha.


Ijumaa, 28 Juni

Hakuna habari. Masikio yanalia mchana kutwa. Mama Bolumbu anasali kwa Mungu wake, mimi kwa wangu. Ni mwanangu yuleyule.

Kama ni mimi niliyempa, sitaki kupona.


Jumamosi, 29 Juni

Majibu.

Mkono wa Safi umevimba. Ameguswa na wadudu, masere alisema, lakini haugui. Picha yake safi. Atakunywa dawa kila siku, atapimwa tena. Na si mimi wa juzi, akasema, uvimbe hauji haraka hivyo. Ni wa zamani. Labda wakati wa kunyonya. Labda mtu mwingine ndani ya nyumba.

Kisha akasema la pili. Picha ya Bora ina doa kubwa, bega la kulia. Ataletwa huku.

Nilifurahi.

Ilikuwa kama kupepesa jicho, lakini ilikuwepo, na ilikuwa tamu. Niliwaza: sasa naye atasimama huku ng'ambo atazame maghala. Sasa mtoto hatamwita mtu yeyote. Kisha nilikwenda nje nikatapika.

Ni mimi niliyempa Bora. Kabla ya kuletwa huku, nilipokuwa nalala sakafuni na homa, yeye ndiye aliyekuwa anashika kichwa changu nikikohoa. Alikuwa anapangusa mdomo wangu kwa kanga yake.


Jumatatu, 1 Julai

Mama Bolumbu amerudishwa kwao. Vikopo vitatu mfululizo havina wadudu. Hasikii vizuri tena, sindano zimemla masikio, lakini anaondoka kwa miguu yake. Aliniambia kwa sauti kubwa ya viziwi, chumba kizima kikasikia: "Usiue mudogo wako kwa macho!"

Mchana walimleta Bora. Kitanda kilichokuwa wazi ni kimoja tu. Kile.

Amebeba kifurushi kidogo. Libaya halikuwemo. Alilala akageukia ukuta. Mimi nikageukia dirisha. Hatukusalimiana.

Safi yuko kwa mama yake Saidi, Kabondo.


Alhamisi, 4 Julai

Analia kimyakimya, kitanda kinatikisika. Nilivumilia tangu juzi. Leo nikasema, nimeelekea dirisha, bila kumtazama:

"Ulianza kukohoa lini?"

"Mvua za mwezi wa ine."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Nilinywa majani. Nilifikiri, nikisema, watamukamata mutoto mikononi yangu."

Nikakaa. Hasira ilinipanda mpaka nikaona chumba chekundu. "Ulilala naye kitanda kimoja! Ulikohoa juu yake kila siku na ulijua!"

Naye akakaa. Mdogo wangu hakuwahi kunijibu tangu azaliwe. Amejibu leo.

"Na wewe, yaya? Masere hakukuambia? Hukumubeba kwenye kifua?"

Wanawake wote wa chumba wakatazama mablanketi yao.

Tulitazamana. Amekonda. Mifupa ya shingo ni ya mama yetu. Tumekaa hivyo, wanawake wawili waliompenda mtoto mpaka karibu kumuua, mpaka masere akaingia na sindano.


Jumatatu, 8 Julai

Sindano inamtisha. Ya kwanza alizimia. Leo nilimshika mkono bila kuulizwa. Aliuma kanga.

Amesikia kelele masikioni, ameogopa, akafikiri ni wazimu. Nikamwambia ni dawa. Sote tunazisikia.

Ana homa mchana. Nampangusa. Ni zamu yangu.


Alhamisi, 11 Julai

Masere ameniruhusu wageni tena, na Saidi alikuja. Sasa ana sufuria moja na wake wa kuwagawia ni wawili, nilimwambia hivyo, hakucheka. Aliniambia tonton Amisi amerudi Kindu. Shauri limekwisha, hakuna atakayeachwa. Nilimwuliza, limekwisha kwa sababu hulitaki, au kwa sababu Bora naye ni mgonjwa?

Aliuma kucha.

Baadaye Bora akauliza alisema nini. Nikamwambia yote, pamoja na kucha. Tukacheka mpaka tukakohoa.

Lakini usiku niliwaza: anaijua ile kucha. Alicheka haraka mno.


Jumapili, 14 Julai

Hakuna mvua. Baraza lina jua. Kikopo changu cha wiki hii bado hakina majibu.

Nywele za Bora zilikuwa zimeshikana kwa homa. Nilimkalisha kati ya magoti yangu nikaanza kumsuka. Mistari myembamba, kurudi nyuma, kama mama alivyokuwa akitusuka. Kichwa chake kilikuwa na joto kidogo tu.

Mama yake Saidi alikuja na Safi mpaka kwenye waya. Bibi ni mzee, anachechemea, mtoto ndiye aliyekuwa anamvuta. Gauni limebana. Saidi hajaona kwamba amekua, au ameona na hana moyo wa kushona. Safi alisimama, akashika waya kwa mikono yote miwili, akatutafuta kati ya wagonjwa wote.

Akatuona. Akapunga mkono.

Alimpungia Bora kwanza. Kisha mimi.

Bora alitaka kuinua mkono, akasita, akaurudisha mapajani. Nilihisi shingo yake ikikakamaa kati ya magoti yangu, inangoja.

"Mpungie," nikasema.

Akampungia. Nikashika fungu lingine la nywele, nikaendelea kusuka.